Koo la Kitinda

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Walimwita Mama Pasi, naye aliitika, maana ni kweli pasi ndiyo iliyomlisha, ikamvika, ikamsomeshea watoto watatu na kumzikia mume. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake na mdomo uliofanya nusu ya kazi. Wapigaji pasi wengine walitumia chupa za plastiki kunyunyizia nguo maji. Yeye alichukua funda la maji, akalishikilia mashavuni, akafumba jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, kisha akalipuliza juu ya shati likatua kama umande. Halikudondoka tone, halikumezwa tone. Wateja wageni walikunja nyuso wakasema huo ni uchafu. Wakishaona kola zao zimesimama wima, walinyamaza na kuleta na mashati ya shemeji zao.

Nyumba ilikuwa yake. Vyumba vitatu vilivyofuatana: cha nyuma cha pasi, cha kati cha kulala, na cha mbele kinachotazama barabara. Hicho cha mbele kilikuwa cha marehemu mumewe, fundi redio, mtu mcheshi na hodari kweli wa kazi yake, mpaka pombe ilipomgeuza yeye mwenyewe kuwa kitu cha kutengenezwa. Tusizunguke mbuyu: yule bwana alikunywa mpaka akafa, na kabla ya kufa aliwafundisha watu wa nyumba ile mambo ambayo binadamu hana haja ya kuyajua. Watoto walijua kwa mlio wa hatua zake barazani kama usiku ule watalala au hawatalala. Mke alijifunza kutazama koo.

Maana mume alikuwa na maneno. Leo ni baridi, kesho ni msiba, keshokutwa rafiki kamlazimisha, na mara nyingi zaidi hakunywa kabisa, alionja tu, kaitia mdomoni akaitema. Alikuwa radhi kuapa kwa kaburi la mama yake huku anakutazama bila kupepesa. Lakini kikoromeo hakikujua uongo. Kikipanda na kushuka, Mama Pasi alijua, na moyo wake ulishuka pamoja nacho. Mtu akitazama koo la mwenzake miaka mingi namna ile, hata mezani hatulii tena. Alikuwa akiwatazama wanawe wakinywa maji.

Kwa hiyo siku kitindamimba wake alipokuja kumwomba kile chumba cha mbele, Mama Pasi aliiweka pasi chini, akaiinua, akaiweka tena. Mtaa mzima ulimwita kijana huyo Kitinda, hata baada ya kuota ndevu. Alikuwa amefanya kazi katika hoteli kubwa ya mjini, akaanza kwa kubeba sahani, akaishia kuwa yule anayewachagulia wageni divai ya kuendana na chakula chao. Sasa alitaka duka lake.

"Duka la nini?" aliuliza mama yake, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"La divai, Mama. Chupa tu. Watu wananunua, wanaenda kunywa kwao. Si baa."

"Katika chumba cha baba yako."

"Ndicho kilicho wazi, Mama. Kingine kingekuwepo ningekiomba."

Alimweleza kwamba kazi ile ni ya kuonja, na anayeonja hamezi. Anayemeza, ikifika chupa ya nne hajui tena anaonja divai au siki. Mama Pasi hakusadiki neno. Ndipo Kitinda alipochukua kikombe cha maji kilichokuwa mezani, akatia funda mdomoni, akafumba jicho moja na kulipuliza juu ya foronya iliyokuwa inangoja pasi. Likatua kama umande. "Nimefundishwa na wewe," alisema akijifuta kidevu. Mama yake akacheka mpaka akashika ubao, na mzazi akishacheka, ombi limeshapita nusu ya njia.

Lakini nusu iliyobaki aliifunga kwa kufuli. "Kuuza, uza. Kuonja, onja. Siku nitakayojua umemeza, hata tone, unatoa mizigo yako chumbani mwangu. Na sitauliza sababu. Sababu nimezisikia zote zilizopo duniani, hakuna mpya utakayoniletea."

"Nimesikia, Mama."

"Jibu unanitazama."

Akamtazama. "Nimesikia."

Duka likafunguliwa, na mama mwenye nyumba hakulikanyaga. Alitoka na kuingia kwa mlango wa uani na vikapu vyake vya nguo, kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Wateja walikuja, tena watu wa heshima zao. Kitinda akanenepa kidogo, akanunua viatu. Mama Pasi akaanza kulala usingizi wa watu wengine.

Kisha muuza maua wa ng'ambo ya barabara akamwita.

"Dada, mimi si mtu wa maneno," alisema, na kila aliyemfahamu alijua kwamba hapo ndipo maneno yanapoanza. "Lakini wewe ungekuwa umeona la mwanangu ungeniambia. Mimi hufika mapema kufungua mafurushi ya maua. Yule mwanao huwa anafika mapema vilevile. Pazia liko nusu. Amesimama katikati ya duka na glasi, peke yake. Hakuna mteja wala nini."

"Atakuwa anaonja. Ndiyo kazi yake."

"Labda." Muuza maua alikata shina la waridi, akalitazama. "Ila kuna ile ndoo ya kutemea. Siioni karibu. Mimi nauza maua tu, dada, sijui mambo ya divai."

Siku ile Mama Pasi aliunguza shati. Lilikuwa shati jeupe la bwana mmoja wa mahakamani, na alama ya pasi ilibaki mgongoni. Alilitazama bila hata kulaani. Alikuwa na hofu, hofu ile ya zamani, iliyokuwa ikimkaza hapa chini ya mbavu kila jua likizama. Alidhani ameizika pamoja na mumewe. Alimpenda Kitinda kupita wenzake, jambo ambalo mama hatakiwi kulisema na kila mtu analijua, na aliona wazi yaliyokuwa mbele yake: kama mwanawe amemeza, itabidi amtoe, na asipomtoa, atamtazama akienda njia ya baba yake kutoka chumba kilekile. Hakutaka kusadiki mdomo wa muuza maua. Alitaka kuona kwa macho yake. Na kila Jumamosi alasiri Kitinda alikuwa na kikao cha kuonja divai ngeni.

Basi Jumamosi alivaa gauni lake la harusi za watu, akazunguka nje, akaingia kwa mlango wa mbele kama mteja.

Chumba hakukitambua. Ukutani pale palipoangikwa nyaya na vipaza sauti palikuwa na rafu za mbao, na chupa zimelala ndani yake kifudifudi kama watoto waliochoka. Palinukia mbao, na chini ya mbao kitu kichachu. Katikati ilikuwepo meza ndefu, glasi zenye miguu myembamba, na chupa nne zilizovalishwa soksi. Kitinda alizivalisha ili mtu asisome karatasi ya chupa akajifanya mjuzi. Soksi zenyewe Mama Pasi alizitambua papo hapo. Zilikuwa zile zilizopotezana na wenzao katika kapu lake, moja ya kijani ya mwalimu wa michezo, moja yenye mistari ambayo mwenyewe aliitafuta mpaka wakagombana.

Kitinda alikuwa ameshika chupa. Alipomwona mama yake mlangoni, chupa ile aliiweka mezani polepole sana.

"Mama. Umekuja."

"Sikukaribishwa?"

"Karibu. Karibu ukae." Akamvutia kiti, na Mama Pasi akakaa mahali ambapo alitaka kukaa, upande wa meza ambao mwanga wa dirisha ulimwangukia mwanawe shingoni.

Mezani alikuwepo daktari wa meno, mama mmoja mnene, mwenye kicheko cha karibu, ambaye hakukosa Jumamosi hata moja. Alimbana Mama Pasi bega kwa furaha. "Leo tuna mzazi! Basi leo hatudanganywi." Mama Pasi alitabasamu kwa meno tu.

"Utaratibu ni uleule," Kitinda alisema, na sauti yake ilikuwa imara kuliko mikono yake. "Unachukua funda dogo, unalizungusha mdomoni, unavuta hewa kidogo, halafu unatema ndooni. Kutema hapa si utovu wa adabu. Ndiyo adabu yenyewe."

Ya kwanza ilikuwa nyeupe, yenye rangi ya majani makavu. Kitinda alinusa, akaonja. Mama Pasi aliacha kupumua. Mashavu ya mwanawe yalitembea, midomo ikavuta hewa kwa mluzi mdogo, kikoromeo kimetulia tuli, kisha akainama juu ya ndoo na kutema uzi mmoja ulionyooka. Hakuna tone lililobaki nyuma. Mama mtu alijua, kwa kuwa yeye mwenyewe angetema hivyo hivyo. Daktari wa meno naye akatema, ikamrukia mkononi, akasema divai ile inanukia majani mabichi na penseli iliyochongwa sasa hivi. Msomi akishaanza kunusa penseli kwenye kinywaji, mwache, huo ndio utamu wa Jumamosi yake.

"Na Mama?" daktari alisukuma glasi. "Usituache peke yetu."

Mama Pasi hakuwahi kuonja kileo maishani. Lakini aliona kwamba mtu aliyekaa mezani mikono mitupu anaonekana mpelelezi, na yeye alikuwa mpelelezi kweli, hakutaka waone. Tena kushika kitu mdomoni bila kumeza, nani wa kumfundisha? Akachukua funda. Lilikuwa chachu, baridi, na nyuma ya uchachu kulikuwa na kitu kama harufu ya kola ya mtu aliyenyeshewa. Alilishikilia mashavuni, akageuka kutafuta ndoo. Ndoo ilikuwa upande wa pili, miguuni pa daktari.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia kijana wa benki, mteja wa siku zote, aliyenyooshewa mashati yake pale pale chumba cha nyuma. Alimwona Mama Pasi, uso ukamchangamka, akaja moja kwa moja hadi kwenye kiti chake, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mama."

Akasubiri.

Salamu ile haingoji. Mtoto wa watu ameinama mbele yako, huwezi kumtikisia kichwa na mashavu yaliyojaa, wala huwezi kumpa mgongo ukainamia ndoo ya mate. Mama Pasi alikuwa amepita umri wa kusahau adabu. Akameza.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Kijana akaenda kukaa, hakujua alichofanya.

Daktari wa meno ndiye aliyecheka. Kitinda hakucheka. Alikuwa akimtazama mama yake shingoni, na Mama Pasi alijisikia uso unawaka. Mwanawe akamwinamia kana kwamba anamsogezea glasi.

"Umemeza, Mama."

"Nilisalimiwa."

"Ndiyo. Hata mimi huwa wananisalimia," alisema kwa sauti ya chini, akageuka haraka kuchukua chupa ya pili.

Maneno yale yalimwingia Mama Pasi vibaya. Alitaka kumshika mkono amuulize ana maana gani, lakini Kitinda alikuwa amekwisha kuanza kuwaeleza wengine. Divai ya pili ilikuwa na rangi ya chungwa, yenye ukungu, ikikausha ulimi kama ganda la ndizi mbichi. Kijana wa benki alisema anasikia asali. Daktari alimwambia asali yake iko kichwani. Kitinda akaonja, akatema. Mama yake alimwona akitema na hakupata nafuu aliyoitegemea.

Maana lile funda alilolimeza lilikuwa limefika. Maisha yake yote alikuwa akiifikiria pombe kama moto, kitu cha kuchoma koo, kinachohitaji mtu awe mbaya kwanza ndipo akipende. Haikuwa moto. Ilimpasha taratibu kifuani, mabega yakamlegea, na kwa mara ya kwanza tangu aongee na muuza maua, kile kitu chini ya mbavu kilimwachia. Ilikuwa nzuri. Alikasirika. Alimkasirikia marehemu kwa kutomwambia kamwe kwamba ni nzuri, kwa kuapa miaka yote kwamba haina ladha, na akajikasirikia mwenyewe kwa kuwa jicho lake lilikuwa limekwenda, bila ruhusa yake, kwenye glasi. Akaisukuma mbali kwa kidole.

Ya tatu ilikuwa nyekundu, nzito, karibu nyeusi. Kitinda aliimimina bila mzaha na bila hadithi. Mikono ilikuwa shwari sasa, shwari mno. Alinusa muda mrefu kuliko zile za kwanza. Ndoo alikuwa ameivuta, iko pembeni mwa goti lake. Akachukua funda.

Nje mtu alikuwa akikung'uta viatu. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyemfundisha Kitinda kusoma, mzee ambaye bado watu wazima walikuwa wakificha sigara wakimwona. Alikung'uta kiatu cha kulia, akakung'uta cha kushoto, akaisimamisha fimbo yake ukutani, ikaanguka, akainama kuiokota. Muda wote huo alikuwa amewapa mgongo. Muda wote huo Kitinda alikuwa na funda mdomoni na ndoo gotini. Angeweza kutema, akajifuta, hata akakohoa, na bado akabaki na nafasi ya kumpokea mzee.

Mama Pasi aliiona nafasi ile yote ikipita. Tema, alisema moyoni. Tema, baba, tema sasa.

Kitinda akafumba macho. Si jicho moja, yote mawili. Kikoromeo kikapanda, kikashuka.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, macho yakiwa tayari yamefunguka.

"Marahaba. Naona bado unafanya majaribio."

Watu wakacheka. Mama Pasi alicheka nao, akasikia kicheko chake kama cha mtu mwingine. Papo hapo, kabla mzee hajakaa, kichwa chake kilianza kazi: mwalimu wake wa zamani, angefanyaje, mtu wa heshima namna ile, si hata yeye mwenyewe alimeza kwa salamu ya kijana tu? Ni adabu. Kijana kalelewa vizuri, ndiyo maana kameza. Sababu zilikuja zimenyooka, zimekunjwa, na aliziogopa kuliko alivyoogopa divai.

Ikabaki ya nne. Ilikuwa tamu, ya kunywewa baada ya chakula, yenye nguvu kuliko zote, na harufu yake ilisikika kabla kizibo hakijatoka sawasawa. Kitinda aliwamiminia wageni wanne, akajiruka mwenyewe.

"Hii nawaachieni. Nimeshaijua."

"Ah, hapana," alisema daktari wa meno. "Mwenye duka asiyeonja chake ana la kuficha. Au siyo, Mama?"

Akamgeukia Mama Pasi, na wote wakamgeukia. Kitinda naye. Macho ya mwanawe yalikuwa yanamuomba kitu, na mama mtu hakujua kama anaombwa aseme ndiyo au aseme hapana. Alifungua mdomo, likatoka neno la tatu.

"Yeye ni mtu mzima."

Kitinda akajimiminia kidogo. Akatia mdomoni. Hakuzungusha, hakuvuta hewa. Alisimama tu nayo, mishipa imemtoka shingoni, vidole vimeshika ukingo wa meza mpaka kucha zikawa nyeupe. Daktari alikuwa anasimulia habari ya ndoa ya mpwa wake, kijana wa benki anasikiliza, mwalimu ananusa glasi kwa mashaka. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mmoja. Kikoromeo kilianza kupanda, kikasimama katikati. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kisha akaanguka juu ya ndoo, akatema, safari hii si uzi ulionyooka, ikamwagika hovyo, ikamlowesha kidevu na shati, akabaki ameinama, anahema kama mtu aliyetua gunia la saruji.

"Imekupalia?" daktari aliuliza.

"Kidogo," alisema Kitinda.

Hapo Mama Pasi alijua yote. Mtu anayetema maji ya pasi hahemi.

Wageni walinunua, walisifu, waliaga kwa zamu mlangoni kama wanavyoaga watu wasiotaka kwenda. Mwalimu alichukua ile ya chungwa kwa ajili ya mgonjwa, alisema, na hakuna aliyemuuliza ni mgonjwa gani. Jua lilikuwa bado lipo barabarani. Kitinda alifunga mlango, akavuta pazia, akaanza kuosha glasi kwenye beseni. Mama yake alikuwa hajanyanyuka kitini.

"Nimeona," alisema.

"Najua."

"Mwalimu aliingia ghafla. Mtu mkubwa yule. Ungemwacha na salamu yake hewani? Mimi mwenyewe umeniona, kijana wa benki tu kanisalimia, nikameza. Kwa hiyo si kwamba..." Alijisikia anavyosema. Hakuweza kunyamaza. "Si kwamba umekusudia. Ni adabu. Makubaliano yetu hayakuhusu adabu."

Kitinda alikuwa amesimamisha mikono ndani ya maji. "Mama, acha."

"Niache nini?"

"Mwalimu hakuingia ghafla. Ndoo ilikuwa hapa." Akagonga goti lake kwa mkono uliolowa. "Nilimeza kwa sababu niliitaka. Ningemeza hata kama asingeingia mtu."

"Usiseme hivyo."

"Baba kila alipoanguka alikuta umeshamtandikia sababu. Nilikuwa nasimama hapo mlangoni, mtoto, nakusikia ukiwaambia wenye redio kwamba fundi ana homa. Ulivyokuwa unasema vizuri, Mama, hata mimi nilikuwa nikienda kumgusa paji la uso." "Mimi usinipe homa."

Tone lilidondoka kutoka kwenye glasi iliyofudikizwa, likafuatwa na jingine.

"Ni leo tu?" Mama Pasi aliuliza mwishowe.

"Si leo tu. Mwanzoni ilikuwa funda, mtu akinisalimia. Nikaanza kupenda kusalimiwa. Sasa ni glasi, asubuhi, kabla sijafungua. Naweza kuacha siku mbili, tatu, najisifu. Halafu Jumamosi inafika."

"Na hukuniambia. Tunakaa nyumba moja, unapita na kuniuliza nimeamkaje, na hukuniambia."

"Niliogopa utanitoa," alisema Kitinda. Alijifuta mikono kwenye shati, akiwa bado ameupa ukuta uso. "Halafu nikaanza kuogopa zaidi kwamba hutanitoa."

Mama Pasi alikaa na maneno yale. Alimkumbuka mumewe katika chumba hiki, kichwa juu ya meza, redio ya mtu iko wazi mbele yake, na yeye mlangoni akiwa na bakuli la uji. Miaka yote alidhani lile bakuli ndilo lilikuwa mapenzi. Alitaka sana kuleta jingine sasa hivi. Lilikuwa tayari ulimini: utauza tu, mwanangu, kuonja tutamtafuta mtu mwingine, Jumamosi nitakuwa nakaa hapa mimi mwenyewe nikikutazama. Angekaa. Angemtazama koo mpaka mmoja wao afe.

"Ile ya kwanza niliipenda," alisema badala yake. "Nyeupe. Nilitaka nyingine. Nilikuwa sijui kama ni hivyo."

Kitinda akageuka. Alikuwa akilia bila sauti, mtu mzima mwenye ndevu, divai tamu imemkaukia kidevuni.

"Ni hivyo, Mama."

"Basi toka," alisema Mama Pasi.

Alilisema polepole, kwa upole, na lilimuuma kinywani. Neno lile hakuwahi kumwambia mumewe hata siku moja, si kwa hasira wala kwa mzaha.

"Utafunga duka. Mzigo utarudi kwa aliyekuletea, na hapa hapataingia chupa. Wewe kitanda chako kipo, sijakutoa nyumbani. Nimekutoa chumba hiki."

"Nitafanya kazi gani? Sijui nyingine."

"Sijui. Leo sijui."

Kitinda alitikisa kichwa kukubali. Akachuchumaa palepale kando ya beseni, akajifunika uso kwa mikono, na mabega yakamtikisika muda mrefu. Mama yake hakumwambia nyamaza. Alipoona mabega yametulia, alinyanyuka, akakunja mikono ya gauni lake la harusi, akainamia kasha la kwanza lililokuwa karibu na mlango. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Chupa ziligongana ndani, na peke yake hakuweza kulinyanyua.

"Njoo ushike huku," alisema.